Muulize Ami: Kelele za "tingiza mti" zilijaa mji mzima, kura je?

Wasomaji wangu hamjambo. Nilisema mwezi huu nitajibu mambo ya mashamba na urithi lakini kikapu kimejaa siasa, 2027 inanukia na kila mtu ana habari za sura mpya, na Mkenya akianza kuongea sura mpya hamalizi dakika tano kabla hajamtaja Profesa George Wajackoyah wa 2022. Basi mashamba yatangoja, wenye kesi za urithi mnisamehe, najua ndugu zenu hawatakuwa wamemaliza kuwadhulumu ndani ya mwezi mmoja.

Kwa waliosahau, au waliokuwa nje, au waliokuwa wadogo: uchaguzi wa 9 Agosti 2022 ulikuwa na wagombea urais wanne. William Ruto alitangazwa na kura 7,176,141, Raila Odinga 6,942,930, wa tatu ndo Profesa kwa tiketi ya Roots kura 61,969, wa nne David Mwaure Waihiga wa Agano 31,987. Profesa ndo yule wa "tingiza mti", kauli mbiu yake, wa durag na trakisuti, aliyesema bangi ihalalishwe ilipe deni la taifa, tufuge nyoka tuuze sumu, korodani za fisi ziende Uchina, kazi iwe Jumatatu mpaka Alhamisi, mji mkuu uhamie Isiolo, na mafisadi wanyongwe. Kwa asilimia alipata 0.44, hata nusu ya moja hakufika. Hiyo namba ndo inayowakereketa walioniandikia.

*

SWALI: Ami shikamoo. Mimi mpwa wako wa Kisauni, miaka 26, naendesha boda. 2022 maskani yetu yote tulikuwa Roots, wallahi Ami yote, tumepaka ukuta, ukipita asubuhi unasalimiwa "tingiza mti" badala ya mambo vipi. Siku ya kura nimepiga, jioni nimeenda kuangalia fomu iliyobandikwa mlangoni pa stesheni yetu, Profesa kapata kura tatu. Tatu! Maskani tuko zaidi ya thelathini. Mimi naamini kuna mchezo ulichezwa, marafiki zangu wote wanaapa walimpigia. Kura zetu zilienda wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nikupe pole halafu nikupe hongera, manake unalalamikia kura tatu na hujui kwamba nyinyi mlikuwa ngome. Nchi nzima ilikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura. Chukua zile 61,969 zigawe kwa hivyo vituo, unapata kura moja na kidogo kila kituo. Nyinyi mlimpa tatu, yaani mlimpa zaidi ya mara mbili ya wastani wa taifa, mngeandikiwa barua ya shukrani na chama.

Sasa kuhusu mchezo. Ule mwaka fomu 34A, zile za matokeo ya kila kituo, ziliwekwa wazi kwenye tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi, kila mwenye bando alikuwa anajumlisha, magazeti yanajumlisha, vyama vinajumlisha, hata bwana mmoja jirani yangu fundi wa friji alikuwa na daftari lake. Waliokwenda Mahakama ya Juu ni kambi ya Raila na wengine waliokuwa na malalamiko juu ya ushindi wa Ruto, na majaji wote saba tarehe 5 Septemba wakazitupa kesi zao. Hebu fikiria wewe ndo mwizi wa kura, una usiku mmoja tu, utamwibia mwenye milioni sita au utajisumbua na mwenye kura tatu Kisauni? Mwizi haingii jikoni kuiba chumvi.

Kwa hiyo tubaki na wale marafiki zako thelathini. Usinune mwanangu lakini nitakwambia nilichoona mimi mwenyewe, manake nami nilikuwa na maskani yangu, ya wazee, pale karibu na Mwembe Tayari, na sisi pia tulimcheka Profesa tukampenda. Kuna waliokuwa hawajajiandikisha kabisa. Hao ndo wengi na hawatakwambia. IEBC wenyewe walisema vijana wa miaka 18 mpaka 35 walikuwa asilimia 39.84 ya daftari la wapiga kura la 2022 na idadi yao imeshuka kwa asilimia 5.17 ukilinganisha na 2017, yaani nchi inazidi kujaa vijana halafu daftari linazidi kuwapoteza. Mtu anapaka ukuta, anaimba, anavaa durag, anaweka picha ya Profesa kwa stetasi, na kitambulisho chake bado kiko kwa chifu hajakwenda kukichukua.

Halafu kuna waliojiandikisha wakaenda, wakapanga foleni toka saa kumi na moja alfajiri, wakafika kwenye kile kibanda cha kadibodi wakiwa peke yao na kalamu. Hapo ndo mambo yanabadilika. Maskani unachagua mbele ya watu, na mbele ya watu Profesa alikuwa raha, ukimtaja unaonekana wewe si kondoo wa mtu. Kule kibandani hakuna wa kumwonyesha, uko na hofu yako tu, na hofu ya Mkenya 2022 ilikuwa moja kati ya mbili: yule akiingia tumekwisha, au huyu akiingia tumekwisha. Basi unampigia anayeweza kumzuia yule unayemwogopa. Ukitoka nje wanakuuliza, unasema Profesa, kwani nani atajua?

Na hapa pana kitu ambacho kila mara kinanishangaza. Katiba yetu haikulazimishi kufanya hivyo! Kifungu cha 138 kinasema mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote na asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, asipopatikana mtu tunarudi debeni ndani ya siku 30 na wale wawili wa juu. Maana yake raundi ya kwanza ni ya moyo, mpe unayempenda, hata kama ni wa fisi na nyoka, ya pili ndo ya hesabu. Sheria imekupa nafasi ya kutingiza mti bila kuangukiwa na tawi. Lakini sisi tunapiga raundi ya kwanza kama ndo ya mwisho, kwa nini? Jirani yangu anayeuza viazi karai alinijibu vizuri kuliko wataalamu wote wa televisheni: "Ami mi nataka iishe." Alikuwa ameshafunga biashara toka wiki ile, wateja wamesafirisha familia bara, unga umepanda, watoto wako nyumbani shule zimefungwa, na kila mtu mwenye umri wangu akisikia uchaguzi umerefuka anakumbuka ghasia za mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Mtu kama huyo ukimwambia kuna raundi ya pili ni kama umemwambia kuna mwezi mwingine wa njaa. Anamaliza kazi siku ya kwanza, hata kama moyo wake unacheka na Profesa.

Kwa hiyo marafiki zako siwaiti waongo. Walimpenda kweli. Kura ndo hawakumpa, na hivyo ni vitu viwili.

*

SWALI: Habari Ami, niko Umoja, Nairobi. Nataka unimalizie ubishi wa kibarua. Mwenzangu anasema Wajackoyah alikuwa kidogo tu atupeleke raundi ya pili. Mimi namwambia mtu wa 0.44 hawezi kutupeleka popote. Nani yuko sawa? Kuna chai na mandazi hapa zinangoja.

JIBU: Mandazi yagawane nusu kwa nusu, manake nyote mko karibu na ukweli. Leta kalamu.

Jumla ya kura halali za wale wanne ni 14,213,027. Nusu yake ni 7,106,513 na nusu kura. Ruto alikuwa na 7,176,141, kwa hiyo alivuka mstari kwa kura kama 69,600. Kwa nchi yenye wapiga kura waliosajiliwa 22,120,458, hiyo ni kama kupita mlangoni na begi likakwaruza fremu.

Sasa mwenzako anasema kidogo tu. Ni kweli kama hizo 69,600 zingetoka kwa Ruto kwenda kwa Profesa, Ruto angeshuka chini ya nusu, na Profesa angekuwa na kama 131,600, hata asilimia moja bado hajafika! Yaani mtu wa chini ya asilimia moja angeturudisha sote foleni. Lakini kama hizo kura zingetoka kwa Raila hakuna kitakachobadilika, Ruto anabaki palepale na ushindi wake, anayepungua ni Raila. Na kama zingetoka kwa waliolala nyumbani, wangehitajika kama 140,000 waamke wampigie Profesa. Waliolala ule mwaka walikuwa zaidi ya milioni saba na nusu. Fikiria hapo.

Kwa hiyo mchezo wa mgombea wa pembeni kwenye sheria yetu hauko kwenye ana ngapi, uko kwenye amezitoa kwa nani. Kule kwenye televisheni mwezi Juni walikuwa wanasema Profesa atamnyima Raila, wengine atamnyima Ruto kwa sababu vijana wa hasla ndo haohao wa bangi, kila mtu ana yake, na mwisho hakumnyima mtu.

Na usisahau kura zilizoharibika. Zilikuwa 113,614. Wajackoyah na Mwaure ukiwaweka pamoja ni 93,956. Yaani mgombea wa tatu wa kweli Kenya 2022 alikuwa Bwana Kura Iliyoharibika na hakufanya hata mkutano mmoja, hakununua hata bango. (Mahakama ya Juu ilishasema toka 2013 kura zilizoharibika hazihesabiwi kwenye ile nusu. Ila hata ungezihesabu, Ruto angevuka kwa kama 12,800 hivi. Mwambie mwenzako hiyo kabla hajaileta yeye.)

Jambo la mwisho hapa, mliobishana wakati ule juu ya ile jumla ya asilimia 100.01 iliyotajwa na wale makamishna wanne wa IEBC waliokataa matokeo, wakasema hiyo 0.01 ni kura laki moja na arobaini na kitu elfu: asilimia 0.01 ya kura milioni 14 ni kama 1,400 basi. Ni kukaribisha namba tu, kila mwalimu wa darasa la saba anajua. Na nyie wa kibarua mlikesha na hiyo siku tatu.

*

SWALI: Mkuu habari za huko. Mimi msomaji wako wa Tabata, Dar. Huku kwetu tulikuwa na Mzee Hashim Rungwe wa chama cha CHAUMMA, mgombea urais, mzee wa kuahidi ubwabwa, mitandaoni alikuwa anapendwa kuliko wote, kila mtu ubwabwa ubwabwa, halafu kura hola. Hivi sisi watu wa Afrika Mashariki tuna tatizo gani, tunapenda kuchekeshwa tu?

JIBU: Salama mkuu, na wewe karibu Mombasa. Tatizo hakuna, mnapenda wali na mnapenda kucheka, nani asiyependa.

Mzee Rungwe 2015 alipata kura 49,256, ambayo ni asilimia 0.32. Mwaka huohuo marehemu Anna Mghwira wa chama cha ACT alikuwa wa tatu na kura 98,763, na yeye hakuwa mchekeshaji hata kidogo, aliongea hoja mwanzo mwisho, akapata 0.65. Kwa hiyo usiniambie hawa wanaanguka kwa sababu wanachekesha. Aliyechekesha na aliyekuwa siriazi wote walikaa benchi moja, manake mbele yao walikuwa Magufuli na Lowassa, na nchi ilikuwa imeshajigawa.

Na nyinyi hamna hata hii habari ya nusu na moja, kwenu anayeongoza kachukua, imeisha. Sheria zetu mbili hazifanani kabisa na watu wanapiga kura vilevile. Ndo maana siamini sana wanaosema tubadilishe sheria ili wadogo wapate nafasi.

Ila nikuonyeshe kitu kimoja, mimi nilipokiona nilikaa kimya kidogo. 2013 sisi tulikuwa na Mwalimu Mohamed Abduba Dida. Mwalimu wa shule kabisa, kanzu na tasbihi mkononi, hakuna aliyemjua mpaka alipotokea kwenye mdahalo wa Februari ule mwaka, na kesho yake nchi nzima ilikuwa inamnukuu. Alipata kura 52,848. Alimshinda Martha Karua, mwanasiasa wa miaka mingi, waziri wa zamani, aliyepata 43,881. Sasa asilimia ya Dida ilikuwa ngapi? 0.43. Na ya Wajackoyah miaka tisa baadaye? 0.44. Mmoja mcha Mungu wa tasbihi, mwingine wa bangi na durag, hawafanani kwa lolote chini ya jua, na wakapata karibu kitu kilekile. Nikaona kumbe hicho kiti hata si cha mtu. Kiko pale, kina watu elfu hamsini sitini wa kudumu wasiotaka wale wawili, wanangoja tu nani atakuja kukalia.

*

SWALI: Ami, mimi ni mama wa watatu, Mumias. Nimekasirika kidogo na naomba uniandike. Mimi NILIMPIGIA Profesa kura. Sivuti bangi, sijawahi, mimi ni wa kanisa na kwaya. Mpaka leo shemeji zangu wakija Krismasi wananicheka, ati wavutaji walisahau siku ya kura, ati waliamka wakakuta uchaguzi umeisha, ati mimi ndo nilibaki macho peke yangu. Sikumpigia kwa ajili ya mchezo. Hapa kwetu miwa ilitulea, kiwanda kikafa, shamba liko na hakuna cha kupanda kinacholipa. Akaja mtu akasema hadharani mkulima apande kitu chenye bei. Nilikosea?

JIBU: Mama, kwanza salamu nyingi, na hapana.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimecheka na mimi hapo juu, na hata kwenye safu hii miaka iliyopita nilitania, kwa hiyo sehemu ya ile kicheko ya shemeji zako ni yangu pia, uniwie radhi.

Unajua walichosahau wengi ni kwamba mtu huyu ni wa kwenu huko, alipigia Matungu, Shule ya Msingi ya Indangalasia, na siku yenyewe alifika akakuta mashine za KIEMS, zile za kutambua wapiga kura, zinagoma akaambiwa angoje. Mgombea urais mzima, kama mama yeyote wa kijiji. Na historia yake, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa chokoraa akalelewa na watu wa Hare Krishna, akawa polisi, akakimbia nchi, akachimba makaburi Uingereza huku anasoma sheria. Watu wa Nairobi walisikia hiyo wakaona sinema. Watu wa hali ya chini walisikia wakaona ndugu.

Sasa kuhusu hoja, nitakuwa mkweli kwako manake umekuwa mkweli kwangu. Hesabu zake za bangi sikuziamini hata siku moja. Gunia kuleta mamilioni ya dola ni bei ya ndoto, wakilima wote bei inaanguka, wewe wa miwa unalijua hilo kuliko mimi wa baharini. Na ile sheria ya mihadarati ya 1994 haifutwi na rais kwa kidole, inapita bungeni, na bungeni Roots hawakuwa na mtu wa kuwabebea. Na hiyo ya kunyonga mafisadi na kusimamisha katiba mimi ilinitisha kuliko bangi, ajabu ni kwamba hakuna aliyeiongelea sana, watu walishika fisi.

Lakini swali lililokuwa chini ya bangi lilikuwa halali kabisa. Deni lilikuwa limepita trilioni 8 na wale wawili wakubwa kila mmoja anatoa ahadi za kutumia, Ruto hasla fandi ya kuwakopesha wadogo, Raila elfu sita kwa mwezi kwa kaya maskini. Mtu mmoja tu akasimama akasema hizi pesa zitatoka wapi, na jibu lake lilikuwa la ajabu, sawa, lakini alikuwa na jibu. Kura yako ilijibu swali lako la shamba. Shemeji zako waulize kura zao zilijibu nini.

Na wakikutania tena Krismasi waambie hivi: ili mtu awe kwenye karatasi ya urais Kenya anatakiwa alete sahihi za wapiga kura si chini ya 2,000 kutoka kila kaunti, katika zaidi ya nusu ya kaunti, kwa hiyo kaunti 24, ambazo ni sahihi 48,000 kwa uchache. Waliotia sahihi na waliompigia karibu walingane. Huenda wengi hata walioandika jina lao na namba ya kitambulisho hawakufika naye mwisho, au walifika na wake zao hawakufika. Wewe ulifika. (Sahani yako ya nyama Krismasi usikubali ipunguzwe.)

*

SWALI: Assalaam aleikum Ami, niko Doha, nilijiandikisha hapahapa ubalozini nikapiga kura. Kura za maoni zilisema Wajackoyah ana asilimia nne. Walitudanganya au walilipwa?

JIBU: Waaleikum salaam. Juni 2022 kweli, Infotrak na TIFA walimweka kama kwenye nne. Asilimia nne ya zile kura milioni 14 ni zaidi ya laki tano na nusu, akapata elfu sitini na mbili. Lakini ukifuata namba zao zenyewe utaona mpaka mwanzo wa Agosti walishamshusha sana, kwa hiyo wengine waliondoka kabla ya siku ya kura na waliona. Mtu akipigiwa simu Juni na kuulizwa utampigia nani, jibu la Juni halimgharimu kitu. Kulipwa sijui, sina ushahidi na sitamsingizia mtu. Ila wengi wao pia walimpa Raila uongozi, kwa hiyo Profesa siye aliyewaaibisha zaidi.

Na tusisahau alijimaliza kidogo mwenyewe. Julai 26 kwenye mdahalo pale chuo cha Kikatoliki Karen, alifika na msafara wake, akasema yeye hapandi jukwaani kama si wagombea wote wanne pamoja, akageuza gari akaondoka. Msimamo ni mzuri, lakini Dida alijengwa na mdahalo na yeye akauacha. Mwaure akaongea peke yake, baadaye Ruto akaongea peke yake kwa kuwa Raila naye alikataa, tukakaa usiku mzima tunaangalia watu wanabishana na viti. Halafu wiki za mwisho akawa anavutana hadharani na mgombea mwenza wake Justina Wamae, msichana ambaye kwa maoni yangu ndo alikuwa anaongea zile sera kwa lugha ya mtu mzima. Nyumba ya vyumba viwili ikigombana, majirani wanasikia yote.

*

SWALI: Ami sabalkheri. Kijana wa Kilifi, 29. Nimesoma haya yote na nimevunjika moyo, manake nataka kusimama MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, 2027 kwenye wadi yetu, mgombea huru, sina pesa, sina baba mwanasiasa. Mitandaoni nina wafuasi elfu kumi na moja. Niache?

JIBU: Sabalkheri mwanangu. Usiache, ila hao elfu kumi na moja waweke kando kwanza. Wangapi wako ndani ya wadi? Wangapi wana kura? Nina uhakika hujui, na hilo ndo tatizo la kwanza la kutatua.

Nikupe mfano wa kukufaa kuliko Profesa. 2017, Igembe Kusini huko Meru, kijana John Paul Mwirigi, miaka 23, mwanafunzi wa chuo, mgombea huru, hana gari. Alikuwa anatembea kwa miguu na kwa boda anaingia nyumba kwa nyumba, watu wa boda ndo waliombeba. Akapata 18,867 akamwangusha wa Jubilee, chama kilichokuwa na nguvu Meru, aliyepata 15,411. Tofauti yake na Wajackoyah ni eneo. Jimbo unaweza kulitembea, nchi huwezi. Mpiga kura wa Igembe alimwona akipita mlangoni mwake, kwa hiyo kibandani hakusema "huyu hawezi kushinda", alishawaona jirani zake wakimfungulia mlango. Wadi yako ni ndogo zaidi ya jimbo, kwa hiyo una bahati.

Mambo ya kufanya sasa, usingoje 2027. Mgombea huru wa wadi anahitaji sahihi zisizopungua 500 za wapiga kura wa wadi hiyohiyo, na wewe mwenyewe usiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Hili la chama liangalie LEO kwa msajili wa vyama, watu wengi wamejikuta wameandikishwa kwenye chama ambacho hata rangi zake hawazijui, na ukigundua wiki ya kupeleka makaratasi ndo basi.

Sahihi 500 usiwape vijana wa kukodi wakakusanyie. Zitafute mwenyewe, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba uliza nani ana kura na nani hajajiandikisha, andika kwenye daftari, asiye na kura umpeleke IEBC kwa miguu yako. Mkiwa njiani mtaongea mengi, na huyo hatakuahidi maskani halafu akakukimbia kibandani, manake daftarini umemwingiza wewe. Ukifikisha 100 za kwanza niandikie tena uniambie nyumba ngapi zilikufungia mlango, na walisema nini.